Usiulize kama daktari anakubali SHA

Kuna swali ambalo mwaka huu nimelisikia kwa matatu, kanisani, hadi saluni: "Unajua daktari wa saratani anayekubali SHA?" Anayeuliza huwa ameshika simu, tayari kuandika jina na namba. Swali ni la haki kabisa. Shida ni kwamba halina jibu, kwa sababu daktari hakubali SHA wala hakatai. Hospitali ndiyo inakubali.

Wacha nieleze kwanza, halafu niwaambie nimejulia wapi haya yote.

SHA ilichukua nafasi ya NHIF tarehe 1 Oktoba 2024. Mkataba wake unafungwa na kituo cha afya: kina leseni, kina level yake, kina namba yake kwenye sistimu. Daktari bingwa ni kama yule mwalimu wa hesabu wa shule ya serikali ambaye jioni anafundisha tuisheni kwake. Mtu ni yule yule, akili ni ile ile, chaki ni ile ile. Kinachobadilika ni mlango uliopitia kumfikia. Ukipitia mlango mmoja unalipa Sh5,000 hata kabla hajakuuliza unaumwa wapi. Ukipitia mwingine unalipa mia kadhaa na unaketi kwa benchi mpaka matako yafe ganzi.

Sasa mzee wangu.

Ana miaka 58, na maisha yake yote ni mjengo. Nusu ya ghorofa za Kayole amebeba mawe yake, nusu ingine amesimamia. Kwa hivyo mgongo ulipoanza kumuuma, hakuna mtu aliyeshtuka. Mtu wa mjengo asipoumwa mgongo ndiyo ushangae. Alikuwa anapitia kwa kemisti ya kona, ananunua diklofenaki, anameza, asubuhi anaenda kazi. Miezi minne hivyo. Halafu akaanza kupumzika katikati ya ngazi. Sisi tunaishi ghorofa ya nne, na mzee ndiye alikuwa anapanda na mtungi wa maji kwa bega bila kusimama. Siku aliposimama ghorofa ya pili akiwa mikono mitupu, mathe alimwambia kesho hakuna kazi, kesho ni hospitali.

Hospitali ya kaunti ilitupa afisa wa kliniki kijana, karibu rika langu. Nilimwangalia nikajua leo tutarudi nyumbani na dawa za maumivu tena. Akamuuliza mzee maswali mengi kuliko nilivyotarajia, akaagiza kipimo cha damu na cha figo. Majibu yaliporudi alinyamaza kidogo. Damu ilikuwa 7.1, na mwanaume anafaa kuwa karibu 13 kwenda juu. Figo nazo zilikuwa zimeanza kulemewa. Akaandika barua ya rufaa, na ndani yake neno moja lenye alama ya kuuliza mbele: mayeloma.

Mayeloma ni saratani ya damu, lakini haina uvimbe wa kushika kama ile ya matiti. Inakaa ndani ya uboho, pale katikati ya mfupa ambapo damu hutengenezwa. Seli za aina moja, zinaitwa seli za plazma, zinazaana bila mpango. Zinajaza nafasi, damu inapungua. Zinafanya mfupa uliwe, mgongo unauma. Zinatoa protini nyingi isiyo na kazi, figo zinachoka kuichuja. Kwa hivyo ukiweka pamoja mgongo, damu kidogo na figo, kwa mtu wa umri wa mzee, daktari anayefikiri anaanza kuuliza. Mgongo wa mzazi wako pengine ni mgongo tu, tafadhali usimtishe leo jioni. Lakini ukiona maumivu ya mifupa hayaishi na mtu anazidi kuchoka, kipimo cha damu cha kawaida hakina gharama kubwa na kinasema mengi.

Yule kijana alituambia kitu kingine ambacho nitamshukuru nacho mpaka nizeeke: "Mzee, hiyo diklofenaki achana nayo kabisa. Figo zako haziwezi." Dawa za kundi hilo zinaumiza figo, na mtu mwenye mayeloma figo zake tayari ziko vitani.

Basi, "mpelekeni kwa daktari wa damu." Ni rahisi kutamka.

Kitu cha kwanza nilichogundua ni kwamba hilo jina lina watu zaidi ya mmoja ndani. Kuna daktari wa damu wa maabara, yule anayeangalia damu na uboho kwa hadubini na kuandika ripoti. Ni bingwa, lakini hakutibu. Kuna daktari wa saratani ambaye kazi yake kubwa ni uvimbe na mionzi. Na kuna yule tuliyekuwa tunamtafuta, anayetibu magonjwa ya damu pamoja na saratani zake, yaani lukemia, limfoma na mayeloma. Hawa wa mwisho nchini Kenya ni wachache, na wengi wako Nairobi na Eldoret. Kama unataka kujua jina uliloambiwa ni la nani, baraza la madaktari, KMPDC, lina rejista mtandaoni ambayo mtu yeyote anaweza kuisoma. Inakuonyesha kama mtu ana leseni na ubingwa wake ni upi. Usimlipe mtu yeyote wa "mitishamba ya kusafisha damu" kabla hujamtafuta hapo. Wako wengi, na wanajua kuongea.

Kitu cha pili ni simu. Nilipiga simu siku tatu, wakati wa chakula cha mchana, nyuma ya duka ninakofanya kazi. Majibu yalikuwa ya aina tatu. "SHA tunakubali, lakini kwa kulazwa tu." "SHA tunakubali, lakini si kwa kumwona daktari." Na la tatu, ambalo lilitoka kwa sauti ya mtu aliyechoka kulirudia: "Kwa sasa tumesimamisha." Hilo la tatu lina historia ya kila mtu. Februari 2025 chama cha hospitali za kibinafsi, RUPHA, kilitangaza hadharani kwamba wanachama wake wanasimamisha huduma za SHA kwa sababu ya madeni. Mgonjwa anakatwa mshahara, hospitali inasema haijalipwa, na katikati kuna mzee ameketi kwa kiti cha plastiki akishika mgongo.

Na tukiwa hapo kwa kukatwa mshahara: mimi payslip yangu inatoa asilimia 2.75 kila mwezi. Hiyo inanifunika mimi, na ningekuwa na mume na watoto ingewafunika. Mzee hayumo. Mzazi ni nyumba yake, anajisajili kwa *147#, anajibu yale maswali kuhusu choo chake na ukuta wake ni wa nini, halafu anapewa hesabu ya kulipa ya mwaka mzima. Kiwango cha chini kabisa ni Sh300 kwa mwezi. Mzee alikuwa amelipa yake kwa shingo upande, akisema ni pesa ya kutupa. Kama wazazi wako hawana ajira ya payslip, waulize leo kama wamelipa. Si kesho. Saratani haingoji ulipe ndiyo ianze.

Jibu la nne lilitoka mahali ambapo sikulitarajia. Nilienda mwenyewe, na miguu yangu, kwa kliniki moja ya kibinafsi upande wa Upper Hill ambayo jina la daktari lilikuwa limetajwa na watu wawili. Risepsheni kulikuwa na mama wa makamo, miwani kwa kamba. Nikampa barua. Akaisoma yote, ambayo ni kitu wasoma-barua wa risepsheni hawafanyi. Akaniuliza mzee anafanya kazi gani. Nikamwambia. Akaangalia nyuma, akashusha sauti.

"Dadangu, huyu daktari Jumatano asubuhi yuko kliniki ya damu kwa hospitali ya umma. Ni yeye mwenyewe. Mpeleke na hii barua, ufike mapema."

Mimi nilisimama tu. Mama huyo alikuwa ametoka kumnyima mwajiri wake Sh5,000, na zingine nyingi ambazo zingefuata. Sijui jina lake. Nilimwambia asante mara tatu kama mjinga.

Sasa ungedhani familia itafurahi. Jioni hiyo baba mdogo alikuja na maneno yake: hospitali ya serikali watu huenda kufia, mzee apelekwe kwa kibinafsi, kipande cha shamba cha ushago kiuzwe, na grupu la WhatsApp la mchango lifunguliwe usiku huo huo. Mzee alikuwa kimya. Mathe alikuwa anaangalia mzee. Na mimi, mtoto wa mwisho na msichana, nikaambiwa mambo ya hospitali ni ya watu wazima.

Nilimjibu baba mdogo kwa heshima, lakini nilimjibu. Nikamuuliza shamba likiuzwa litalipa miezi mingapi. Hakuwa na hesabu. Mimi nilikuwa nayo, maana nilikuwa nimeuliza: ugonjwa huu hautibiwi na sindano moja. Ni sindano ya kila wiki, na vidonge, na vipimo vya kila mara, kwa miezi, na baada ya hapo dawa ya kuutuliza usirudi upesi. Ukianza mahali ambapo pesa itaishia mwezi wa tatu, mwezi wa nne utakuwa unahamisha faili lililojaa nusu kwenda hospitali ile ile uliyoikataa, na huna shamba. Afadhali uanze pale unapoweza kumalizia. Huo ndio msimamo wangu hadi leo, na najua wako wasomaji hapa watakaonikatalia.

Sisemi kibinafsi ni wezi. Wana kitu kimoja ambacho umma hauna: muda. Kuna kipimo cha protini kwenye damu ambacho daktari wa damu angekihitaji kwa vyovyote, na kwa umma tungeambiwa tungoje. Hicho tulikilipia kwa maabara ya kibinafsi, pesa ya mfukoni, ili mzee afike Jumatano akiwa na majibu mkononi. Pesa kidogo ulizo nazo ziweke hapo, kwa kile kitu kimoja kitakachokuokolea mwezi mzima. Ukizimwaga kwa vitanda vya kulala kwenye chumba cha peke yako, zitaisha na ugonjwa utabaki.

Jumatano tulifika saa kumi na moja na nusu alfajiri. Kulikuwa na watu arobaini mbele yetu. Kando yangu kulikuwa na mama kutoka Bungoma, ana mtoto wa kiume wa miaka kumi na tano, amepauka kama karatasi. Walikuwa wamesafiri usiku kucha. Nilimuuliza kwa nini hakwenda Eldoret. Akaniangalia kama nimemtajia mji wa ng'ambo. Hakuna mtu aliyekuwa amemwambia kwamba pale Moi Teaching and Referral, na mradi wa AMPATH, kuna huduma ya saratani na magonjwa ya damu ya miaka mingi, hata mayeloma wanaitibu. Kutoka Bungoma hiyo ni safari ya saa chache tu. Barua yake ya rufaa ilikuwa imeandikwa "Nairobi", basi akaja Nairobi. Hapo ndipo nilipokasirika kweli, kuliko siku zote za simu. Kuna Kenyatta, kuna KUTRRH pale barabara ya Thika, kuna Eldoret, na kuna vituo vya saratani vilivyofunguliwa kwa hospitali za kaunti kama Mombasa, Nakuru na Garissa. Lakini mwenye kujua hayo ni mtu mwenye bando na nguvu za kutafuta. Mgonjwa huwa hana vyote viwili.

Daktari aliita jina la mzee saa saba mchana. Alikuwa yeye mwenyewe, yule wa Upper Hill, na miwani yake na kalamu zake. Dakika kumi na moja, nilizihesabu. Akaweka picha ya eksirei kwenye mwanga, akamwonyesha mzee vitundu vidogo vya mviringo. "Mzee, umewahi kuona mahindi yaliyoingiwa na dumuzi?" Mzee akacheka kwa mara ya kwanza baada ya wiki. Alielewa ugonjwa wake hapo hapo. Wiki iliyofuata wakamtoa uboho kwa mfupa wa nyonga, sindano nene ambayo mzee anasema ni heri abebe saruji magunia mia. Alama ya kuuliza ikaondoka kwenye barua.

Kuhusu doo, kwa sababu najua ndiyo mmekujia. Wakati mzee anaanza, kifurushi cha saratani cha SHA kilikuwa Sh400,000 kwa mwaka kwa nyumba moja, kisha zikiisha kuna Sh150,000 zaidi kutoka kwa mfuko wa magonjwa sugu na ya dharura. Angalia neno "nyumba". Si kwa kila kichwa. Mume na mke wakiugua mwaka mmoja, wanakula sahani moja. Na inatumika ugonjwa ukishathibitishwa. Ile njia yote ya kutoka maumivu ya mgongo mpaka jina la ugonjwa, sisi tuliilipa sana kwa mfuko, na hapo ndipo watu wengi wanaishia, kabla hata ya kujua wanaumwa nini.

Dawa haianzi mpaka hospitali iombe idhini na ijibiwe. Mgonjwa mwenyewe lazima awepo. Kuna kaunta moja iliyotuambia mara mbili idhini haijarudi, kumbe haikuwa imetumwa. Kwa hivyo usiulize "imerudi?" Uliza "ilitumwa tarehe ngapi, na nani?" Sauti nzuri, tabasamu, na kalamu mkononi. Mtu akiona unaandika jina lake, mambo husonga. Na kila hospitali kubwa ya umma ina ofisi ya ustawi wa jamii, kawaida ni mlango mdogo ambao hakuna anayekuonyesha. Nenda pale kabla bili haijakushinda. Ukingoja ikushinde, utakuta foleni ya wengine walioshindwa.

Maswali ninayowapa watu sasa wakiniuliza kuhusu daktari ni haya, kwa mpangilio huo: Daktari huyu anaona wagonjwa hospitali gani za umma au za misheni? Kliniki ya damu ni siku gani? SHA inalipa nini hapo, kumwona, vipimo, dawa, au kulazwa tu? Nije na nini mkononi? Ukipata jibu la manne hayo kwa simu moja, nitumie namba hiyo, nataka kuoa hiyo hospitali.

Kinachonichoma ni kwamba hayo manne yangetosha karatasi moja ya A4 iliyobandikwa kwa geti, na posti moja kwa ukurasa wa kila hospitali. SHA ina orodha ya vituo ilivyofunga mkataba navyo, sawa. Orodha inakuambia jina la hospitali. Haikuambii Jumatano. Nchi hii inaweza kuniambia ni matatu gani inaenda Ngong saa tano usiku, lakini haiwezi kumwambia mama wa Bungoma kliniki ya damu iliyo karibu naye ni siku gani. Mbunge wako akija kuomba kura 2027, mwache amalize kuongea kuhusu barabara, halafu muulize hilo.

Mzee ameshadungwa sindano sita. Damu imepanda hadi 9.8. Mgongo bado unamsumbua usiku, na mjengo daktari amekataza, jambo ambalo limemuuma kuliko ugonjwa. Anaketi kwa veranda akiwakosoa mafundi wa ghorofa ya mkabala. Malipo yake ya SHA ya mwaka yanaisha mwezi ujao na tumeshaanza kuyaweka kando, mia mbili mbili, kwa kopo la Blue Band juu ya kabati. Baba mdogo ameweka elfu moja bila kusema neno. Yule kijana wa Bungoma ni lukemia. Mama yake alinipigia wiki iliyopita kuniuliza ukishuka steji ya Eldoret unapanda gari la wapi, na mimi Eldoret sijawahi kufika, kwa hivyo mwenye anajua aniandikie hapa chini, ni haraka.